Kati ya Bani na Benki

Tarehe 7 Novemba 1857 Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu katika nchi ya Unyanyembe, ambayo leo yamemezwa na mji wa Tabora. Burton aliandika kuwa hiyo ilikuwa siku ya 134 tangu watoke pwani. Miaka 14 baadaye Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, na mwezi Juni alikuwa amekwishafika Kwihara, mwendo mfupi kutoka Kazeh. Wote walibeba mizigo ya namna moja: vitambaa, shanga na waya wa shaba. Mmoja alitumia zaidi ya miezi minne, mwingine miezi mitatu.

Ukipima kwa siku, Stanley ameshinda. Lakini Stanley alikuwa na fedha za gazeti la New York Herald nyuma yake, aliugawa msafara wake mafungu matano, na aliwasukuma watu kwa mjeledi. Wazungu wawili wa msafara wake, Farquhar na Shaw, walikufa kabla yeye hajaiona tena bahari. Kwa hiyo kabla ya kusema nani alisafiri kwa ufanisi zaidi, lazima tukubaliane kila mmoja aliweka nini, akapata nini, na katikati hapo ni nini kilichopotea njiani.

Ntalikwa ni moja ya kata za Manispaa ya Tabora zilizo nje ya mji wenyewe, katika ardhi ile ile ya Unyanyembe. Misafara imekwisha zamani, na reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ndiyo iliyoimaliza. Lakini mkoa huu bado unaishi kwa kupeleka mali mbali. Mali kubwa ya kupeleka sasa ni tumbaku, na hesabu yake inafanywa kwa namna ile ile yenye upungufu: tunapima mwendo, hatupimi kilichobaki mkononi baada ya safari.

Mkulima wa tumbaku wa Tabora tumezoea kumhesabu pamoja na wakulima wengine wote, ilhali kazi yake ni ya mtoa malighafi kwa kiwanda, tena mwenye masharti makali kuliko wengi walioko mjini. Kabla ya msimu, chama chake cha msingi, yaani AMCOS, kinaingia mkataba na kampuni ya ununuzi. Yanaandikwa makisio: kilo ngapi zitatoka kwa nani. Pembejeo zinakuja kwa mkopo: mbolea, dawa, kamba, vifungashio. Bei inapangwa kwa dola ya Marekani kwa kila daraja. Jani likishauzwa huenda kuchakatwa Morogoro, kisha sehemu kubwa husafirishwa nje, na nyingine huishia katika viwanda vya sigara vya hapa nchini, kikiwamo cha TCC pale Chang'ombe, Dar es Salaam. Fundi wa kiwanda ugenini hatamjua mkulima wa Unyanyembe kwa jina, lakini anamtegemea kama anavyomtegemea mtu anayemletea karatasi na gundi.

Na mkulima huyu ana nguvu zake za kazi, ambazo kwa mtu asiyewahi kulala pembeni ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, ni vigumu kuzithamini. Tumbaku ya Virginia ya hapa hukaushwa kwa hewa ya moto. Moto unawashwa nje, mabomba yanapitisha joto ndani, na moshi hautakiwi kuligusa jani. Kwanza jani linaachwa ligeuke manjano kwa joto la wastani, nyuzijoto 35 hadi 40 hivi. Kisha joto linapandishwa taratibu ili bapa la jani likauke na rangi ishike. Mwisho linapandishwa hadi karibu 70 ili kikonyo, ambacho ndicho kinene na chenye maji, nacho kikauke. Kazi yote inachukua karibu wiki nzima, usiku na mchana. Ukiharakisha mwanzoni, jani linakaukia ukijani wake na hakuna dawa ya kuurudisha umanjano. Ukichelewa katikati, linaungua rangi na kuwa kahawia. Usingizi wa saa mbili wa mtu mmoja aliyechoka unaweza kushusha bani zima madaraja kadhaa.

Baada ya hapo kuna kupanga. Jani la chini ya mche haliwekwi pamoja na la katikati, wala la katikati na la juu. Rangi haichanganywi. Na ole wake anayefunga robota akasahau kipande cha kamba ya nailoni ndani yake, kwa sababu plastiki ikiingia kwenye mashine ya kusaga jani haitoki, na mnunuzi anaweza kulikataa robota zima. Siku ya soko mteuzi wa tumbaku anapita, anashika, ananusa, anaangalia, anataja daraja. Kazi ya miezi inakuwa herufi na namba kwenye kibandiko.

Hapo ndipo sifa za kazi zinapokoma na hesabu za fedha zinapoanza, na hapo ndipo vipimo vyetu vinapotutupa.

Swali la mwisho wa msimu, kutoka kijiweni hadi ofisi ya wilaya, ni moja: umetoa kilo ngapi? Kilo zikiwa nyingi, mkulima anaitwa bora. Chama chenye tani nyingi kinasifiwa jukwaani. Lakini kilo ni matokeo ya nusu ya kwanza tu ya safari. Nusu ya pili inaanzia mezani kwa mteuzi na kuishia benki, na katikati kuna makato: pembejeo, riba ya mkopo, ushuru, gharama za chama. Kwa miaka mingi kumekuwa pia na lile lililowaumiza wakulima wengi wa mkoa huu kuliko ukame, yaani dhamana ya pamoja. Mkopo unachukuliwa kwa jina la chama. Mwanachama mmoja akishindwa kulipa, au akiuza jani lake kwa mlango wa nyuma, deni lake linagawanywa kwa waliobaki. Aliyekesha kwenye bani analipa kwa ajili ya aliyelala.

Namna ya kupima nusu zote mbili ipo, na haikutoka mbali na shamba. Mwaka 1957 mchumi wa Uingereza, Michael Farrell, alichapisha makala kuhusu kupima ufanisi wa uzalishaji, na mfano aliouchukua ulikuwa kilimo cha majimbo ya Marekani. Wazo lake lilikuwa jepesi na la haki. Usimpime mzalishaji kwa kiwango kilichotungwa ofisini. Mpime kwa wenzake waliotumia vitu kama vyake wakapata zaidi. Wale ambao hakuna aliyewazidi kwa kutumia kiasi kile kile ndio mpaka, na kila mwingine anapimwa yuko umbali gani kutoka mpaka huo.

Mwaka 1978 Abraham Charnes, William Cooper na Edwardo Rhodes waliupanua mpango huo uweze kubeba vitu vingi vinavyoingia na vingi vinavyotoka kwa mara moja. Walikuwa wakitathmini programu ya shule za watoto wa familia maskini Marekani, ambako haikuwezekana kuweka bei kwenye kusoma, hesabu na moyo wa mtoto kujiamini. Njia yao sasa inajulikana duniani kwa herufi DEA, na imetumika kupima hospitali, benki, bandari na viwanda. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inamruhusu kila anayepimwa kuonekana kwa mizani inayompendelea zaidi. Mkulima mwenye ardhi ndogo na familia kubwa anapewa uzito unaomfaa. Mwenye ardhi kubwa na watu wachache anapewa wake. Kama hata kwa mizani aliyoichagua mwenyewe bado kuna mwenzake anayemzidi, basi upungufu upo kweli.

Kisha mwaka 1999 Lawrence Seiford na Joe Zhu waliichukua njia hiyo wakaitumia kwa benki 55 kubwa za biashara za Marekani, lakini wakaikata safari vipande viwili. Kipande cha kwanza kilipima jinsi benki ilivyogeuza wafanyakazi, mali na mtaji kuwa mapato na faida. Cha pili kilipima jinsi mapato na faida hizo zilivyogeuka kuwa thamani sokoni kwa wenye hisa. Ufanisi wa kipande kimoja haukuwa dhamana ya ufanisi wa kingine. Tangu hapo wachunguzi wa viwanda wamekuwa wakiuliza jambo hilo hilo kuhusu watoa malighafi na vipuri: huyu anafikisha mzigo kwa wakati, ubora wake hauna dosari, gharama zake ni ndogo, mbona vitabu vyake vya fedha vimenywea?

Tulilete swali hilo Tabora kwa mfano wa kubuni, namba zikiwa nyepesi ili msomaji azifuate kwa kalamu. Tuseme kuna wakulima watatu katika chama kimoja, kila mmoja katika kikundi chake kidogo cha dhamana. Wa kwanza ametumia siku za kazi 300 za familia na vibarua, akapata kilo 1,200. Wa pili ametumia siku 250, akapata kilo 1,000. Wa tatu siku 300, kilo 900. Katika nusu ya kwanza, wa kwanza na wa pili wako sawa, kilo nne kwa kila siku ya kazi. Wa tatu ana kilo tatu, yaani asilimia 75 ya wenzake. Bwana shamba akija, atakwenda kwa huyu wa tatu. Jukwaani atapandishwa wa kwanza, kwa sababu ya zile kilo 1,200.

Sasa twende benki. Wa kwanza ameuza kwa wastani wa dola 2 kwa kilo, akapata dola 2,400. Alichukua pembejeo nyingi, dola 900, na sehemu yake ya deni la pamoja, iliyokatwa kwa kufuata wingi wa kilo, ni dola 500. Amebaki na dola 1,000. Wa pili alipanga jani lake vizuri zaidi, akauza kwa dola 2.20, akapata 2,200. Pembejeo 600, deni la wengine 100 kwa sababu kikundi chake kidogo kinalindana. Amebaki na 1,500. Wa tatu ameuza kilo zake 900 kwa dola 2, akapata 1,800, akakatwa 500 za pembejeo, na kikundi chake hakikuwa na mdaiwa sugu. Amebaki na 1,300.

Kwa kila kilo iliyopita kwenye mizani, wa pili amebakiwa na dola 1.50, wa tatu dola 1.44, na bingwa wetu wa jukwaani senti 83. Katika nusu ya pili ufanisi wake ni asilimia 56 tu ya aliye mpakani. Yule wa tatu, aliyetiwa alama mbaya shambani, ana asilimia 96.

Tazama jinsi ushauri unavyogeuka. Kumpelekea wa kwanza mafunzo mengine ya kukausha jani ni kupoteza muda wake na wa bwana shamba. Bani lake halina kosa. Anachohitaji ni kupunguza mbolea anayokopa kuliko mahitaji, kupanga jani kwa uangalifu zaidi kabla ya kulifunga, na, zaidi ya yote, kutoka kwenye kikundi kinachomfanya mlipaji wa watu asiowajua. Wa tatu ndiye anayehitaji bwana shamba. Mtu akichukua wastani wa chama kizima hataona lolote kati ya hayo.

Mfano wa watu watatu ni wa kuelezea tu. Kwa kipimo cha kweli watu wachache hawatoshi. Kanuni ya jumla inayotumiwa na wachambuzi ni kwamba wanaopimwa wawe angalau mara tatu ya jumla ya vitu vinavyoingia na vinavyotoka; la sivyo karibu kila mtu ataonekana yuko mpakani na kipimo kitakuwa pongezi kwa wote. Chama chenye wanachama mia mbili hakina tatizo hilo. Kina kila kinachohitajika: hati za pembejeo, idadi ya mabani, tiketi za mauzo zenye daraja na uzito, orodha ya makato, na siku fedha zilipoingia kwenye akaunti. Karatasi hizo zipo. Zinakaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, kuona kama fedha zimeibiwa, na hilo ni jema. Haziwekwi kando kwa kando kuona kama nguvu za watu zimegeuka fedha.

Na hiyo siku ya fedha kuingia ni kitu chenyewe cha kupimwa. Mkulima anayelipwa wiki mbili baada ya soko na anayelipwa baada ya miezi mitatu wanaweza kuwa na tiketi zinazofanana kabisa. Mmoja amenunua mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na kulipa ada ya shule mapema. Mwingine amekopa kwa mtu binafsi, kwa riba isiyoandikwa popote. Kampuni yoyote ya vipuri ingehesabu ucheleweshaji wa malipo kama gharama. Katika vitabu vya vyama vyetu hauna safu.

Historia ya njia ya misafara inatuonya hapa. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kwa uhodari katika Afrika Mashariki yote. Wenye misafara waliwagombea, na wao wenyewe walijadiliana ujira kabla ya kuinua mzigo wa frasila mbili. Wafanyabiashara wa Tabora nao walijua njia, maji, hongo za watemi na bei za pembe za ndovu. Lakini sehemu kubwa ya mali ilitoka pwani kwa mali kauli, kwa mtaji wa matajiri wa Unguja. Hata Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe aliyefika mbali sana bara, aliendesha biashara yake kwa fedha za Taria Topan, mmoja wa matajiri hao. Mwenye miguu, mwenye ujuzi na mwenye mtaji walikuwa watu tofauti, na pembe ilipofika Unguja mgawanyo wa faida ulifuata mtaji. Uhodari wa njiani haukuamua nani atajenga nyumba ya ghorofa.

Ndiyo maana nina wasiwasi na upande mmoja wa njia hii ya kupima, na sitaki uchukuliwe kirahisi. Mpaka unachorwa na walio bora miongoni mwa wanaopimwa. Ikiwa wanachama wote mia mbili wanavuja kupitia tundu moja, kwa mfano bei iliyopangwa chini au pembejeo zilizouzwa ghali kwa chama kizima, basi kipimo hakitaliona. Kitasema fulani ana asilimia mia moja, na yeye na watoto wake wanakula mlo mmoja. Dawa ni kutoka nje ya chama. Vyama vya Ntalikwa na kata jirani vilinganishwe na vya Urambo, Kaliua na Sikonge. Mkoa ulinganishwe na Chunya na Kahama. Na kwa bei, tutazame hadi Zimbabwe, ambako soko la mnada na la mkataba yanaendeshwa sambamba na mtu anaweza kuona tofauti. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa tumbaku, WETCU, chenye makao yake hapa Tabora, kingekuwa mahali pa kuanzia.

Mvua nayo isisahauliwe. Njia hii haijui tofauti kati ya uzembe na mvua ya mawe iliyopiga shamba la mtu mmoja na kuliacha la jirani. Msimu mmoja hautoshi kumhukumu mtu.

Kuna kitu kingine kinachopaswa kuingia kwenye hesabu, nacho ni kuni. Bani linakula miti ya miombo, na mti uliokatwa porini hauna risiti. Katika kitabu cha mkulima unaonekana kama siku chache za kazi na kukodi mkokoteni. Kwa hesabu hiyo anayekata zaidi ili akaushe haraka anaweza kuonekana hodari, na aliyejenga bani la kisasa linalobana kuni, au aliyepanda miti yake, anaonekana ametumia fedha bure. Wataalamu wa kipimo hiki walikwisha kupata namna ya kuingiza matokeo yasiyotakiwa, kama moshi wa viwanda, ili mzalishaji apunguziwe alama kwa kadiri anavyoyazalisha. Kuni za miombo zinastahili safu hiyo.

Na ukishaiweka safu hiyo, unalazimika kumtazama jirani mwingine wa pori hilo hilo: mfuga nyuki. Naye ni mtoa malighafi. Asali yake inakwenda kwa wachakataji na wafungashaji, nayo ina masharti yake. Kiwango cha kimataifa kinataka maji yasizidi asilimia 20, na anayerina sega ambalo nyuki hawajaliziba atakosa kiwango hicho. Hahitaji bani, hahitaji mbolea ya mkopo, na mti anautaka ukiwa umesimama. Tabora ina chuo chake cha ufugaji nyuki na jina la asali linalojulikana nchi nzima. Tanzania imo katika Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku tangu mwaka 2007, na ibara ya 17 ya mkataba huo inazitaka nchi ziwasaidie wakulima wa tumbaku kupata shughuli mbadala zenye tija. Tija hiyo haiwezi kujulikana kwa hotuba. Mfuga nyuki na mkulima wa tumbaku wa kata moja wapimwe kwa mizani moja: siku za kazi, fedha za kuanzia, miti iliyotumika, na shilingi zilizobaki baada ya kila mtu kulipwa. Inawezekana tumbaku itashinda kwa fedha taslimu. Kwa familia nyingi za hapa ndilo zao pekee lililowahi kujenga nyumba ya bati. Lakini ishinde kwa hesabu iliyokamilika.

Kazi ya kuanzia si ya kompyuta kubwa. Katibu wa chama mwenye daftari anaweza kuongeza safu nne kwenye orodha aliyonayo: siku za kazi, kuni, makato ya madeni yasiyo ya mwanachama mwenyewe, na tarehe fedha zilipofika. Vijana wa vyuo waliopo Tabora wanaweza kuifanya hesabu yenyewe. Matokeo yasomwe kwenye mkutano mkuu wa wanachama, kwa namba za siri badala ya majina, kila mmoja akijua namba yake tu. Na yasomwe kabla makisio ya msimu unaofuata hayajatiwa saini, wakati mkulima bado anaweza kusema atakopa mifuko mingapi ya mbolea, atalima ekari ngapi, na atakaa kikundi kimoja na nani.